Chumba Kisichopitisha Upepo

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na hilo goti lako. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana; cherehani yake ilikatika mkanda, sasa imepona na anashona sare za shule kutwa nzima. Chiriku ameota meno ya mbele, makubwa kama ya baba yake. Miaka saba tu na anasema kuliko redio. Jana mteja alikuja karakana kuulizia kitanda, akaondoka amechoka bila kununua hata kigoda.

Najua unafoka: kwa nini hanipigii simu? Simu nimeziuza, yangu na ya wifi yako. Wakati wa mafuriko kitu cha kwanza kufa kilikuwa simu, siku ya pili tu, tukabaki mabubu juu ya dari. Nataka tuzoee barua mapema, ili siku mambo yakiharibika tena isiwe ndiyo tunajifunza. Usinicheke.

Ulinisikiliza nikisimulia zile siku kumi na moja, lakini kuna jambo sikukwambia. Siku ya nane Chiriku aliacha kuomba maji. Siku zote saba alilia, "Baba, maji," nami namwambia ngoja. Siku ya nane akanyamaza, akawa ananitazama tu. Dada, mtoto wangu alikuwa ameelewa kwamba sina. Sitaki anitazame vile tena maisha yangu yote.

Kwa hiyo nimejiandaa. Banda la uani sasa ni ghala: magunia ya mahindi na maharage, mchele, chumvi, mafuta ya taa, viberiti kwenye chupa. Rafu nimezipiga mwenyewe, hazitikisiki. Tatizo ni fukusi. Nimefungua gunia jana, mahindi yana matundu kama chujio, unga unamwagika wenyewe. Nilikaribia kulia mbele ya mke wangu. Wewe umefanya kazi kwenye ghala la nafaka miaka ishirini na kitu. Naomba unitumie vile vidonge mnavyotumia huko. Vichache tu.

Mdogo wako,
Fundi


15 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba, tena marahaba mara mbili kwa kuwa umeniandikia kwa mwandiko unaosomeka. Goti lipo, asubuhi linanuna, jioni linanuna, katikati ya mchana linanisamehe kidogo. Huku ghalani tumeletewa msimamizi mpya. Anahesabu magunia kwa kidole, akifika arobaini anasahau, anaanza upya. Mwambie wifi nahitaji sketi mbili, kiuno asikipime kwa kumbukumbu, kimeshakimbia.

Kuhusu simu sisemi kitu. Nimesema kidogo moyoni.

Hilo la Chiriku kunyamaza nimelisoma nikakaa chini. Pole, mdogo wangu. Ungeniambia siku ile ile.

Sasa tuje kwa fukusi wako. Ndani ya kopo hili kuna vidonge kumi. Usiniulize nimevipataje. Nimetembea nalo kwenye mkoba siku tatu nikijiuliza nikupe au nikunyime. Lakini nakujua wewe, nikikunyima utaenda kununua vya vichochoroni visivyo na hata lebo, heri hivi ninavyovijua.

Nisikilize kama unavyomsikiliza daktari. Kidonge kikikutana na hewa kinatoa gesi. Gesi hiyo haichagui huyu fukusi huyu mtu. Weka bandani, funika magunia kwa turubai, kandamiza pembeni kwa mchanga, mkae mbali siku tano. Kisha funua, upepo upite kutwa nzima. Usikiloweshe. Usikishike kwa mkono mtupu. Na ndani ya nyumba HAPANA. Nimepiga mstari mara mbili na kalamu imetoboa karatasi, unaona mwenyewe.

Mbusu Chiriku. Mwambie shangazi yake anataka kusikia habari za meno kutoka kwa mwenye meno.

Dada yako


9 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti na pole na msimamizi. Wifi yako amecheka sana kuhusu kiuno, sketi ya kwanza ameshaikata. Chiriku amekuchorea jino. Nimelikunja humu ndani.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kifurushi chako kilikaa kwanza siku saba kwenye ndoo yenye mfuniko, nje ya mlango wa uani. Huo ndio utaratibu wetu mpya: chochote kitokacho nje kinakaa siku saba kabla hakijaguswa. Sokoni wanasema kuna ugonjwa umeingia, watu wanatapika na kukosa pumzi. Wifi yako anasema hajaona mgonjwa hata mmoja, ni maneno ya watu tu. Lakini hata mafuriko yalianza kwa maneno ya watu. Chiriku nimemtoa shule kwa muda. Analia kidogo, atazoea.

Jingine. Jumatatu nilikuta kufuli la banda limekwaruzwa. Inawezekana ni panya, inawezekana ni mimi mwenyewe na ufunguo. Ila jirani wa upande wa kulia huwa ananiuliza mahindi yote yale ya nini. Mtu mwenye njaa ukimwonyesha chakula hawi jirani tena. Basi nimehamishia kila kitu mahali salama, ambapo anayetaka kuvifikia itabidi anipite mimi kwanza.

Chumba chetu cha kulala nimekifanyia kazi ambayo sijawahi kumfanyia mteja yeyote. Madirisha nimeyazungushia mpira pande zote nne. Mlango nimeuranda mpaka ukafunga kimya, karatasi haipiti chini yake. Nikawasha mshumaa ndani, nikatoka, nikapepea kwa nje na ubao mpana huku Chiriku akichungulia kwenye kioo. Mwali haukutikisika. Alinipigia makofi. Ugonjwa ukija hautakuta pa kuingilia.

Vidonge nimetumia nusu, kama ulivyoelekeza, karibu yote.

Mdogo wako,
Fundi


20 Machi

Fundi,

Jino nimelibandika ukutani, wote ghalani wameliona. Mimi sijambo. Salamu zao.

"Karibu yote" maana yake nini?

Nimesoma pale mara nne. "Mahali salama" ni wapi? "Anipite mimi kwanza" ni wapi, mdogo wangu, uwe umesimama au umelala? Nina wasiwasi na sitaki kuuandika wasiwasi wenyewe, nikiuandika nitaonekana mwehu. Usinijibu kwa mbao na mpira. Nijibu kwa neno moja tu: nje au ndani.

Na hii barua usiitie kwenye ndoo. Mimi ni dada yako, si ugonjwa. Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, ukanitapikia shingoni, na sikufa.

Mwambie wifi aniandikie kwa mkono wake. Hata mistari miwili.

Dada


3 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeifungua jana, siku zake zilipotimia. Usikasirike. Maswali yako nitayajibu, lakini kwanza nikwambie lililotupata.

Ugonjwa umeingia.

Ulianza na Chiriku, siku nne zilizopita. Aliamka akilia kichwa kinamuuma, akatapika, nikadhani ni maharage. Siku iliyofuata wifi yako. Ana kizunguzungu, kifua kinambana, mikono inamtetemeka, ndiyo maana hajakuandikia. Mimi mwenyewe nahema kama niliyepanda mlima. Ajabu yake ni kwamba asubuhi tunaamka hoi, tukikaa uani kidogo wakati wa kupika tunapata nafuu, tukirudi ndani unatupanda tena. Nimeelewa kwamba huko uani ndiko tunakouvuta, unasubiri tupumzike ndipo upige. Kwa hiyo tumeacha kutoka. Chakula napika kwa jiko la mafuta mlangoni, haraka, nafunga.

Nimeongeza mpira wa pili kwenye madirisha. Kuna harufu ndogo ya kitunguu saumu chumbani na nyumbani hatuna kitunguu saumu hata punje. Nafikiri ni jasho la homa.

Chiriku hasemi tena sana. Amelala kwenye kile kitanda chake kidogo karibu na magunia, kule ndiko kwenye joto. Afadhali tulikuwa tumejiandaa, dada. Hebu fikiri tungekuwa hatuna kitu. Fukusi nao walikuwa wamerudi kwenye gunia la chini, wiki iliyopita nikamalizia vile vidonge vitano, kwa hiyo chakula angalau kipo salama.

Barua hii nakwenda kuitia posta mwenyewe, nimefunga kitambaa usoni. Tuombee.

Mdogo wako


9 Aprili, saa nne asubuhi

FUNGUA MADIRISHA.

Sina salamu. Hakuna ugonjwa. Ni vidonge. Harufu ya kitunguu saumu ndiyo yenyewe, ndiyo gesi, ninaijua kama ninavyoijua sauti yako. Mtoe mtoto nje SASA, mtoe wifi nje, toka wewe. Usitoe magunia. Usibebe kitu. Usirudi kuchukua kitu. Kaeni uani kwenye upepo, muende hospitali, muwaambie ni vidonge vya ghala, waambie jina liko kwenye kopo.

Barua yako imefika sasa hivi. Nimeisomea kwenye mlango wa ghala nikapiga kelele mpaka msimamizi akakimbia kuja. Basi la leo limejaa, nimewasihi, nimewalilia, hawana hata pa kusimama. Hii inakwenda na dereva, anafika kwenu alasiri. Nimempigia simu mwalimu mkuu wa Chiriku, namba ilikuwa juu ya ile karatasi ya ripoti mliyonitumia mwaka jana. Ataipokea kwa dereva na kuileta mlangoni kwako. Nimemwambia asikae kukusubiri, avunje.

Najua ndoo yako. Ndiyo maana nimeandika juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, asomaye hana haja ya kufungua. Mimi nakuja na basi la kesho.

Fungua madirisha, mdogo wangu. Nakuomba. Fungua.


2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na Chiriku hakutapika njiani. Daktari ameniambia moyo wake utapimwa tena mwezi ujao, usisahau ile karatasi. Wifi yako bado yuko kwa mama yake. Nilikwenda juzi. Alinikaribisha kiti, akanipa maji, akaniuliza hali ya karakana kama mtu anayemuuliza mgeni.

Pale hospitali uliniuliza mara mbili mkono wa mke wangu ulivunjika vipi. Mara ya kwanza nilijifanya sijasikia. Mara ya pili ulimuuliza yeye, akasema ni kioo. Nimekaa na hilo wiki tatu, silali. Sasa nakuandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi.

Mwalimu mkuu alikuja kweli, na bahasha. Aligonga mlango wa mbele, akauvunja, akaja hadi mlango wa chumba. Ule hakuuweza. Niliutengeneza mimi, dada, hakuna mtu angeuweza. Akapiga kelele, "Ni gesi, toeni mtoto!" Nami nikajua: hivi ndivyo watakavyosema wakitaka ufungue. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu zamani. Kila uongo wa kunifungulisha mlango nilikuwa nimeshauwaza, na huo ulikuwa mmojawapo.

Akazunguka nje, akabandika bahasha kwenye kioo cha dirisha. Wifi yako alitambaa mpaka pale. Aliusoma mwandiko wako kwa sauti. Kisha akachukua ile pasi yake ya chuma akavunja kioo.

Upepo ukaingia. Dada, nilichosikia siyo upepo, nilisikia kifo kinaingia. Yeye akamnyanyua Chiriku akamsukumia nje, mwalimu akampokea miguu. Mimi nikashika ubao niliokuwa nimeuweka tayari kwa ajili ya dirisha hilo hilo, wenye misumari, na nyundo. Nikauweka juu ya tundu nikaanza kupiga. Mkono wake ulikuwa bado juu ya fremu. Niliuona. Sitakudanganya kwamba sikuuona. Niliuona na nikapiga, kwa sababu nilikuwa naokoa watu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Chiriku, mtoto ameshatoka." Ndipo nikaacha.

Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Ni fundi wa kushona. Hajamwambia mtu mpaka leo, na huko kutosema kwake ndiko kunakonitisha zaidi. Najiogopa, dada. Ningekuwa na nguvu kidogo zaidi siku ile ningelifunga tundu lile.

Sasa naomba unirudishie mwanangu. Nyumba haina mtu. Nimeng'oa mpira wote, mlango wa chumba nimeutoa nikaupasua kuni, magunia watu wa afya wameyachukua. Sikumbakiza fukusi hata mmoja. Kilichobaki ni kidogo tu, mapipa ya maji na sanduku la dawa, kitu ambacho baba yeyote angekuwa nacho. Na uani nimeanza kuchimba mahali, si pa kukaa, ni pa tahadhari tu, miezi ya mvua inakuja. Safari hii hewa nimeifikiria. Kutakuwa na bomba.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Chiriku hajambo. Anakula, anacheka na mtoto wa mpangaji wa jirani, kamba ya kuruka haimtoki mkononi. Kichwa hakimuumi tena. Nilimpeleka kupimwa mapema, sikuweza kungoja mwezi ujao. Moyo unakwenda vizuri, wamesema. Mimi goti ni lile lile.

Nimeisoma barua yako nikatoka nje nikazunguka nyumba. Nimerudi nikaisoma tena. Mwambie mke wako ulichoniambia mimi. Si kwamba hajui, alikuwepo. Anangoja umwambie wewe. Kama ukimwambia na akakufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa jambo la kweli.

Na mimi nina langu. Vile vidonge nilivichukua bila ruhusa. Tena nilivihesabu kwa mkono wangu, nikavifunga kwa mkono wangu, nikakuandikia HAPANA kubwa nikajiona nimemaliza kazi. Nilikuwa naijua hofu yako, nimekulea, na bado nikakutumia sumu kwa posta kwa sababu uliniomba vizuri. Wiki iliyopita nilimwendea msimamizi nikamwambia. Ghalani siendi tena. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu nyundo ulishika wewe, lakini kopo lilitoka kwangu, na mtoto akiuliza atajibiwa yote mawili.

Chiriku simrudishi.

Bomba lako la hewa nimeliona. Umeliandika mwishoni kabisa, karibu na jina, kama mtoto anayetaja kikombe alichovunja wakati anaaga. Fukia shimo hilo. Usinijibu kwamba umelifukia; mwite mwalimu mkuu aje alitazame, aniandikie yeye. Na yule daktari wa pale hospitali aliyetaka uzungumze naye kuhusu hofu yako, nenda ukazungumze naye. Ukifanya hayo nitapanda basi mimi mwenyewe nije nimlete akuone, na nitakaa naye hapo hapo.

Utaniona katili. Basi nikueleze mambo ya Jumapili, ujue nakataa nini.

Tulikuwa tunakunja nguo, mchana, jua kali, mlango wazi. Akaniuliza, "Shangazi, hapa kwako mimi najificha wapi?" Nikamwambia hapa hatujifichi, mama. Akasema, "Lakini kikija?" Nikamuuliza nini kikija. Akasema, "Chochote." Nikamwambia hakiji kitu. Akanitazama, Fundi, vile ulivyonieleza wewe, vile vile, kama mtu aliyeelewa kwamba sina. Kisha akasema taratibu, kabla hajalia, "Kwa hiyo na wewe hujui." Ndipo akalia. Sijawahi kusikia mtoto akilia vile, bila kumwomba mtu kitu.

Nilifungua kabati langu la nguo, nikatoa magauni yote nikayamwaga kitandani, nikamwambia, hapa. Utajificha hapa. Akapangusa macho, akaingia, akakunja magoti, akapima kichwa chake na ubao wa juu. Akasema panamtosha. Akalala humo humo mpaka alasiri.

Nami nilikaa sakafuni mbele ya lile kabati nikisikiliza pumzi yake, nikiogopa hata kwenda msalani. Alipotoka kucheza nikachukua bisibisi nikaung'oa mlango wa kabati. Mimi si seremala, bawaba zote mbili nimeziharibu, na ubao umepasuka upande mmoja. Kila siku akitoka shule anaingia kwanza kuangalia kama nafasi yake ipo. Ananiuliza mlango umekwenda wapi, namwambia baba yako atakuja kuutengeneza.

Dada yako